Kumwamuru Pepo Uliyemwita: Jinsi ya Kusoma Kanuni Kabla Ubishi Haujaanza Mezani

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mchezaji aliyemwita pepo kwa uchawi anasema, "Nilishamwambia alinde mlango." Msimamizi, yaani anayeendesha hadithi na kuamua kanuni, anajibu, "Sawa, kwa hiyo anakuzuia na wewe kutoka." Hapo mchezo unasimama. Mchezaji anaona ameonewa, msimamizi anaona anatetea kanuni, na wengine waliokaa mezani wanatoa simu zao.

Ubishi wa aina hii karibu wote una jibu ndani ya maelezo ya uchawi wenyewe. Shida ni kwamba watu husoma idadi ya kete na umbali, halafu wanaziruka sentensi mbili tatu zinazoeleza kiumbe anatii vipi. Sentensi hizo hazifanani kati ya uchawi mmoja na mwingine, na tofauti hizo zimewekwa makusudi. Mwongozo huu ni wa msimamizi na mchezaji pia. Nitatumia Dungeons & Dragons toleo la tano kwa kanuni za 2014, kwa kuwa ndizo zenye aina nyingi za utiifu, kisha nigusie michezo mingine miwili ya aina hii, Pathfinder na Shadowrun.

Hatua ya 1: Jua kiumbe huyu ana uhusiano gani na wewe

Fungua ukurasa wa uchawi wenyewe, usitegemee ufupisho uliouandika kwenye karatasi ya mhusika wako. Tafuta sentensi inayosema kiumbe anakuchukuliaje.

Kwenye kundi la Conjure (Conjure Animals, Conjure Elemental na wenzake) kiumbe anakuja akiwa rafiki yako na rafiki wa wenzako, na anatii amri za mdomo. Kundi la Summon lililotoka mwaka 2020, yaani Summon Beast, Summon Fey, Summon Elemental na mengine, linaleta pepo mmoja ambaye takwimu zake zimechapwa palepale chini ya uchawi, naye ni mshirika wenu. Mwandani anayekuja kwa Find Familiar ana zamu yake na anajitegemea, lakini siku zote anatii. Aliyefungwa kwa Planar Binding ni habari nyingine kabisa: kanuni haisemi anakupenda, inasema analazimika kufuata maagizo yako kadiri anavyoweza.

Shika tofauti hiyo ya rafiki na mfungwa. Hukumu zote ngumu zinaiegemea.

Kama meza yenu inatumia kitabu cha 2024, hakikisheni mnasoma toleo moja. Conjure Animals ya kitabu hicho haileti tena wanyama wenye zamu zao. Inaleta kundi la mizuka ya wanyama wasioshikika, unalisogeza wewe mwenyewe, na adui aliye karibu nalo anarusha kete ya kujinusuru kwa Wepesi au anaumia 3d10 (jumla ya kete tatu za pande kumi). Hapo hakuna amri ya kubishania. Nimeona ubishi mrefu ambao chanzo chake kilikuwa watu wawili kushika vitabu viwili tofauti.

Hatua ya 2: Amueni nani anachagua anayekuja

Conjure Animals ya 2014 inakupa machaguo manne: mnyama mmoja wa kiwango cha changamoto (kipimo cha ugumu wa kumshinda) 2 au chini, wawili wa kiwango 1, wanne wa 1/2, au wanane wa 1/4. Mchezaji anachagua mstari mmoja kati ya hiyo minne. Ni mnyama gani hasa atakayetokea? Ufafanuzi rasmi wa watengenezaji ulisema hilo ni la msimamizi.

Wachezaji wengi hawaupendi uamuzi huo, na ninawaelewa, lakini una sababu. Conjure Woodland Beings inafuata mpangilio uleule kwa viumbe wa fey (viumbe wa kichawi wa porini), na pixie, kiumbe mdogo mwenye mabawa, ni wa kiwango 1/4. Ukiruhusu mchezaji achague, analeta pixie wanane, na kila mmoja anaweza kufanya Polymorph, uchawi wa kumgeuza kiumbe kuwa mnyama, mara moja kwa siku. Pambano mlilolipanga kwa jioni nzima linakwisha kabla chai haijapoa.

Ushauri wangu ni wa katikati. Mchezaji ataje anachohitaji ("nataka kitu kinachoruka", "nataka kitu cha kuwaangusha chini"), msimamizi amletee kinachofanana na hilo kama mahali mlipo panakiruhusu. Msituni mbwa mwitu wanane ni sawa. Andaeni takwimu za wanyama watatu wanne kabla ya siku ya mchezo, kwa maana kinachochosha watu ni kusubiri kurasa zifunuliwe. Kwa kundi kubwa tumieni wastani wa madhara uliochapwa: kung'ata kwa mbwa mwitu ni 7, hakuna haja ya kurusha 2d4+2 mara nane.

Hatua ya 3: Sikiliza amri inatolewaje

Maneno ya kanuni ni "amri za mdomo", na kutoa amri hakuli kitendo chako. Mambo matatu yanatoka hapo.

Kwanza, lazima uweze kusema. Aliyezibwa mdomo haamuru. Aliye ndani ya duara la Silence, uchawi unaozima sauti zote, haamuru. Adui mwerevu anayejua hili atamnyamazisha mwitaji kabla ya kuhangaika na mbwa mwitu, na msimamizi asione aibu kulitumia.

Pili, maneno ya katika pambano husemwa kwenye zamu yako, na raundi nzima ni sekunde sita. Mimi huruhusu amri inayotoka kwa pumzi moja. "Mshikeni yule mpiga mishale, asipande ngazi" inapita. Aya yenye "lakini kama, isipokuwa, na endapo" haipiti katikati ya vita. Nje ya vita, mchezaji ana nafasi ya kueleza kwa urefu anaotaka.

Tatu, lugha. Pepo wa Summon Beast ameandikiwa waziwazi kwamba anaelewa lugha unazozijua. Dubu wa Conjure Animals hana lugha yoyote kwenye takwimu zake, ila uchawi unasema anatii amri za mdomo, na maelezo mahususi ya uchawi yanashinda takwimu za jumla. Basi dubu anaelewa amri. Usimnyime mchezaji kilichoandikwa kwa kisingizio cha uhalisia.

Mwandani yuko tofauti: unawasiliana naye kwa mawazo akiwa ndani ya futi 100, kwa hiyo kimya hakikuzuii. Hawezi kushambulia, lakini vitendo vingine vyote ni halali, kikiwemo Help kinachompa mwenzako faida kwenye shambulio lake. Bundi anayeruka juu ya adui, akasaidia, akaondoka bila kupigwa, hajavunja kanuni yoyote.

Hatua ya 4: Asipoambiwa kitu, anafanya nini?

Hapa ndipo usomaji wa haraka unapowaumiza watu. Viumbe wa Conjure wasipopewa amri hujilinda dhidi ya maadui, zaidi ya hapo hawafanyi kitu. Pepo wa kundi la Summon asipopewa amri huchukua kitendo cha Dodge (kukwepa mapigo) na kutumia mwendo wake kukwepa hatari.

Ni tofauti kubwa. Mwitaji akizimia bila fahamu, yule dubu wa Conjure Animals angekuwa bado anarudisha mapigo kwa anayemshambulia, kama umakini wa mwitaji (fikra anazozielekeza kwenye uchawi ili uendelee) usingekatika. Lakini kuzimia kunakata umakini, kwa hiyo dubu anatoweka hapohapo. Mwitaji aliyenyamazishwa tu, huku akili zake zikiwa timamu, ndiye mfano halisi: wanyama wake wanaendelea kujitetea, ilhali pepo wa Summon Beast anaanza kukwepakwepa.

Angalieni pia zamu. Kundi la Conjure linarusha kete yake ya mpangilio na kupata zamu zake lenyewe. Pepo wa Summon anatumia nafasi yako na kutenda mara tu baada yako.

Hatua ya 5: Amri inadumu hadi lini?

Animate Dead inalijibu swali hili bila kificho: ukishampa mfu agizo, anaendelea nalo mpaka kazi iishe. Conjure Animals imenyamaza. Wapo wasimamizi wanaosema basi amri lazima irudiwe kila raundi. Mimi sikubaliani. Ukimwambia rafiki anayekutii "mshambulie yule", hakuna sababu ya yeye kuacha baada ya sekunde sita na kukutazama. Amri isimame mpaka itimie, ibatilishwe, au isiwezekane tena. Adui aliyetajwa akianguka, kiumbe anarudi kwenye hali ya hatua ya 4: hamrukii adui mwingine kwa hiari yake.

Swali linalofanana na hilo ni hili: je, kiumbe atatii amri itakayomwangamiza yeye mwenyewe? Maelezo ya Conjure hayana kizuizi hicho. Kiumbe akifika pointi 0 za uhai anatoweka tu. Mchezaji anayemtanguliza nguruwe mwitu kwenye ujia wenye mitego anacheza vizuri. Kizuizi kipo kwenye Conjure Celestial: amri isivunje msimamo wa kimaadili wa kiumbe. Kwa kuwa watengenezaji walijua kuandika kizuizi walipokitaka, msiwaandikie pale walipokiacha.

Hatua ya 6: Amua kama ni neno au nia

Turudi kwa yule wa mlangoni. Ni haki kwa pepo kuyapindua maneno ya mwitaji?

Katika uchawi niliotaja, kanuni inasema hivyo mahali pamoja: Planar Binding. Humo imeandikwa kwamba kiumbe hufuata maneno ya maagizo yako kama yalivyo, na kwamba *akiwa adui yako* hujitahidi kuyapindisha ili atimize malengo yake. Someni sharti hilo mara mbili. Awe adui. Rafiki hapewi ruhusa hiyo.

Ndiyo maana nasema kwa uhakika: pepo aliyekuja kwa Conjure au Summon anafuata ulichokusudia. Ukimwambia alinde mlango, anajua unamlinda nani dhidi ya nani. Msimamizi anayempindisha pepo rafiki anaugeuza uchawi wa mchezaji kuwa mtego ambao kitabu hakikuutega. Mchezaji alitumia nafasi yake ya uchawi ya daraja la 3 au la 5, ameshikilia umakini, hawezi kushikilia uchawi mwingine wa aina hiyo. Ameshalipa.

Kwa mfungwa aliye adui, pindisha bila huruma, ila kwa kipimo cha akili yake. Pepo wa moto ana Akili 6, wa udongo ana 5. Hawa hawatafuti mianya kama mwanasheria. Upotoshaji wao ni wa moja kwa moja na wa hasira: umemwambia "mtu asipite hapa", basi anamchoma na mjumbe wako uliyemtuma kuleta barua. Efreeti, jini wa moto mwenye Akili 16, anaweza kusubiri siku tatu neno moja limfae. Pit fiend, shetani mwenye nguvu kubwa, ana Akili 22, na mbele yake kila kiunganishi kina hatari.

Mchezaji anayemwamuru mfungwa aandike amri kwenye karatasi kabla ya kuitamka, na aijaze sehemu hizi: nani anahusika, afanye nini, wapi, hadi lini, na afanyeje akiwa na shaka. Linganisha.

Amri mbovu: "Usimruhusu mtu yeyote kupita mlango huu."

Amri nzuri zaidi: "Kaa ndani ya chumba hiki mpaka nitakaporudi na kukuambia ondoka. Mimi na hawa wanne waliosimama nyuma yangu tunapita wakati wowote bila kuguswa. Mwingine yeyote akikaribia mlango, mzuie asiingie bila kumwua. Usipokuwa na hakika ni nani, mzuie na usimdhuru."

Hata hii ina tundu. Pepo mwerevu atasema wewe uliyerudi umebadili nguo, kwa hiyo hana hakika, na akuzuie kwa adabu zote. Hilo ni tundu la halali, na mchezaji atalifurahia hata likimgharimu, kwa sababu anaona maneno yake mwenyewe yalivyotumika. Kipimo changu kwa msimamizi ni hiki: ukishampindisha pepo, mchezaji akisoma tena karatasi yake alione tundu bila wewe kumweleza. Kama itabidi ueleze, ulichofanya ni kubuni, hukupindisha.

Hatua ya 7: Panga mapema udhibiti ukikatika

Mwitaji akipata madhara anarusha kete ya kujinusuru kwa Afya dhidi ya 10, au nusu ya madhara kama nusu hiyo ni kubwa zaidi. Akishindwa, umakini umekatika. Kwa Conjure Animals wanyama wanatoweka. Kwa Conjure Elemental ya 2014 pepo anabaki. Anakuwa adui yako na wa wenzako, huwezi kumfukuza, na ataondoka tu saa 1 ikitimia tangu ulipomwita.

Kanuni inasema *anaweza* kushambulia. Neno hilo linampa msimamizi nafasi. Pepo wa maji aliyekuwa amezingirwa na majambazi wanane huenda akaendelea na walio karibu naye kwanza. Lakini asisahau nani alimleta.

Mwitaji makini hasimami mstari wa mbele, na kundi linajua nani ana Banishment, uchawi wa kumfukuza kiumbe arudi kwao, tayari.

Hatua ya 8: Hesabu saa kabla ya kumfunga

Hili ndilo fumbo ninalolipenda kuliko yote katika kanuni hizi, na linahitaji utulivu.

Planar Binding inachukua saa 1 kuifanya, inateketeza kito cha sarafu 1,000 za dhahabu, na kiumbe lazima awe karibu muda wote huo. Mwishoni anarusha kete ya kujinusuru kwa Haiba. Akishindwa, anakutumikia saa 24. Ukitumia nafasi za juu zaidi muda unakua: daraja la 6 ni siku 10, la 7 siku 30, la 8 siku 180, la 9 mwaka na siku moja. Pepo wa udongo ana Haiba 5, yaani anarusha kwa -3, kwa hiyo ndiye rahisi kufungwa kati ya wale wanne wa kawaida (wa moto, maji, hewa na udongo). Kwanza mnachora Magic Circle iliyogeuzwa ili asitoke.

Sasa hesabu. Magic Circle ya daraja la 3 inadumu saa 1 tu, na sehemu ya saa hiyo inakwenda kwenye kumwita pepo, maana Conjure Elemental yenyewe ni dakika 1. Duara litakwisha kabla hujamaliza. Lichoreni kwa daraja la 4, mpate saa 2.

Kikwazo cha pili: uchawi unaochukua muda mrefu kuufanya unahitaji umakini wakati wote unapoufanya. Mtu mmoja hawezi kushikilia Conjure Elemental na wakati huohuo kufanya Planar Binding. Akianza ya pili, ya kwanza inakatika na pepo anageuka adui. Wanahitajika wawili: mmoja ashikilie pepo, mwingine afunge.

Kikwazo cha tatu ndicho kigumu. Conjure Elemental inadumu hadi saa 1, na kufunga ni saa 1 kamili. Ukisoma kwa ukali, pepo anatoweka sekunde chache kabla ya neno la mwisho. Upande wa pili, Planar Binding inasema kwamba kama kiumbe aliletwa na uchawi mwingine, muda wa uchawi huo unarefushwa ulingane na wa kifungo. Maneno hayo yangekuwa na kazi gani kama viumbe wa kuitwa hawafungiki? Mimi naruhusu. Watu wawili wamejitolea, kito kimeungua, duara limechorwa kwa daraja la juu: kuwanyima kwa sababu ya sekunde sita ni kushika saa na kuacha kanuni. Msimamizi anayeamua vinginevyo awaambie wachezaji kabla hawajanunua kito.

Kwenye michezo mingine

Pathfinder toleo la pili, la 2019, limekata ubishi mwingi kwa kubana: kiumbe aliyeitwa anapata vitendo 2 na hana miitikio (vitendo vya nje ya zamu yake), na wewe unalipa kitendo 1 kila zamu kuendeleza uchawi. Usipolipa, anaondoka. Hawezi naye kuita wengine. Humo swali la "amri inadumu hadi lini" halipo.

Shadowrun toleo la tano linahesabu huduma. Unashindana kete na pepo, na ziada ya mafanikio yako ndiyo idadi ya huduma unazomdai. Asiyefungwa anaondoka jua likichomoza au likizama. Ubishi wake ni huduma moja inaishia wapi. Pambano zima ni huduma moja, hata maadui wawe wengi. Mchezaji hakatwi huduma kwa kila adui anayemwonyesha pepo wake.

Mambo mawili ya mezani

Ulizaneni kabla ya kuanza kama wote wako radhi na habari za kuita na kufunga. Kwa Waswahili wengi majini si hadithi, na mtu anaweza kucheza kwa furaha mpaka pale mwenzake anapotamka amri kwa jini kwa sauti nzito. Akisema hapendi, badilisheni sura: iteni wanyama au walinzi wa mawe, takwimu zibaki zilezile. Efreeti na djinni mwaweza kuwaacha kabisa.

Mkikwama katikati ya pambano, msimamizi atoe uamuzi ndani ya dakika moja, upande unaomfaa mchezaji kama maandishi yana utata, na aandike pembeni: jina la uchawi, ukurasa, na alichoamua. Mchezo ukiisha someni pamoja kwa sauti. Mkibadili uamuzi, utaanza kutumika wiki ijayo, na mchezaji aliyejifunza uchawi huo kwa kutegemea uamuzi wa zamani aruhusiwe kuubadilisha na mwingine bila gharama.